Miso Jikoni Mwetu: Utangulizi wa Elimu ya Uchachushaji kwa Msomaji wa Mbeya na Iringa

Msomaji wa Mbeya au Iringa anayeingia katika elimu ya uchachushaji wa vyakula anaingia akiwa na mtaji. Togwa anaijua. Ulanzi anaujua hata kama haunywi: anajua kwamba uliogemwa leo asubuhi ni mtogwa, mtamu, na kwamba ukishalala unakuwa mkangafu na mambo yanabadilika. Kimpumu ya ulezi, inayonyonywa kwa mirija huku ikiongezwa maji ya moto, ameiona kwenye shughuli. Komoni haihitaji maelezo. Asichokuwa nacho bado ni namna ya kuupanga ujuzi huo ili auhoji. Kwa nini togwa huwa tamu kwanza, ndipo iwe chachu? Kwa nini kimea kikitiwa kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi? Kwa nini uji uliolala unamwagwa, lakini togwa iliyolala ndiyo inayotafutwa?

Utangulizi huu unakukaribisha katika fani hiyo kwa kupitia chakula cha mbali: miso ya Wajapani. Ni rojo zito la rangi ya kahawia, linalotokana na soya, chumvi na nafaka iliyooteshwa kuvu, na ambalo hukorogwa ndani ya supu inayoliwa pamoja na wali. Nimeuchagua mlango huu kwa makusudi. Chakula cha kwetu tumekizoea mno, hatukiulizi kitu. Cha wenzetu kinatulazimisha kuuliza kila hatua, na maswali yale yale tukiyarudisha nyumbani yanafungua mambo tuliyokuwa tunayapita kila siku.

Hoja nitakayoitetea ni moja. Miso na togwa zinafanya kazi mbili zile zile: kuvunja chakula na kukilinda. Zinatofautiana kwa nani anayevunja. Kwenye togwa ni mbegu iliyoota, kwenye miso ni kuvu. Ukiielewa tofauti hiyo utajua ni wapi mpishi wa Nyanda za Juu Kusini ana uhuru wa kubuni apendavyo, na ni wapi hana uhuru hata kidogo.

Fani yenyewe inahusu nini

Chakula chochote kilichopikwa na kuachwa kitavamiwa na viumbe wadogo: bakteria, hamira na kuvu. Hilo halizuiliki. Kinachoamuliwa na binadamu ni viumbe gani watangulie, na wakute mazingira gani. Kwa hiyo kuchachusha ni kufuga: unachagua mbegu, unaiandalia lishe, unaijengea uzio, kisha unaiacha ifanye kazi.

Mbegu yaweza kuwa kikombe cha togwa ya jana kinachotiwa kwenye togwa ya leo, au kibuyu cha maziwa mgando ambacho hakioshwi mpaka kikang'aa. Lishe ni sukari, wanga na protini. Uzio ni chochote kinachowazuia wavamizi: asidi, chumvi, pombe, au kuwanyima hewa. Togwa inalindwa na asidi. Ulanzi na kimpumu vinalindwa na pombe na asidi, tena kwa muda mfupi tu. Miso inalindwa na chumvi nyingi na kushindiliwa hadi hewa itoke, ndiyo maana inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila friji.

Kuna tatizo moja ambalo kila jamii inayochachusha nafaka imelazimika kulitatua. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na protini ni mnyororo mrefu wa asidi za amino. Hamira na wengi wa bakteria wa asidi ya laktiki hawawezi kuila minyororo hiyo ikiwa mizima. Lazima mtu mwingine aikate kwanza, na kinachokata ni vimeng'enya. Duniani kuna njia kuu mbili za kuvipata. Afrika na Ulaya zimetegemea zaidi mbegu iliyooteshwa, yaani kimea. Asia ya Mashariki imetegemea zaidi kuvu.

Somo la kwanza: kijiko cha kimea

Jaribio hili lifanye mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Pika uji wa dona uwe mzito hadi mwiko usimame. Epua, uache upoe hadi uweze kuonja bila kuungua ulimi. Nyunyizia kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi, ukoroge. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Baada ya dakika chache mkono unahisi mwiko unakwenda wepesi, rojo linalegea pembeni mwa sufuria, kisha uji unaanza kumiminika kama wa kunywa ingawa hujaongeza hata tone la maji. Onja tena: kuna utamu ambao haukuwepo.

Ulichokiona ni amilesi, kimeng'enya ambacho punje ya ulezi hukitengeneza inapoota ili iweze kuila akiba yake ya wanga. Ukikiweka kwenye uji unaotokota kinaharibika kwa joto, ndiyo maana akina mama husubiri uji upoe kwanza. Wao hawakuhitaji jina la kimeng'enya ili wajue hilo.

Jambo hili dogo lina historia kubwa mkoani Iringa. Mtoto anayeachishwa ziwa ana tumbo dogo. Uji mwepesi unamjaza bila kumpa nguvu, na uji mzito hawezi kuumeza. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu kutumia unga wa nafaka iliyoota ili uji wa mtoto ubebe unga mwingi na bado uwe mwepesi kumezwa. Mwaka huo huo Iringa ulianza mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Vijiji vilipima watoto uzito mara kwa mara, vikajadili sababu za utapiamlo wao, vikachukua hatua, na kimea kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohimizwa. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990, na ambao hufundishwa vyuoni duniani kote hadi leo, kwa sehemu kubwa ulizaliwa kutokana na uzoefu huo. Mwanafunzi wa lishe anayeusoma Iringa anasoma habari za vijiji vya jirani zake.

Kimea kinavunja. Kulinda ni kazi ya bakteria. Mwaka 2003 J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha uchunguzi wa togwa ya mahindi, mtama na nafaka nyingine. Ndani ya saa 24 kipimo cha uchachu, pH, kilishuka kutoka takriban 5.2 hadi 5.5 mpaka takriban 3.1 hadi 3.3. Walikuta bakteria wa asidi ya laktiki wa aina kadhaa, pamoja na hamira. Kwa kiwango hicho cha asidi vijidudu wengi waletao kuhara hawastawi. Kabla yake, watafiti waliofanya kazi na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, taasisi iliyoundwa mwaka 1973, walikuwa wameshaonyesha jambo hilo kwa watoto wenyewe. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg waliripoti kuhara kuchache kwa watoto waliolishwa uji uliochachushwa, na mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake waliripoti kwamba vijidudu vya kuhara vilipungua kwenye choo cha watoto wa namna hiyo. Togwa haikuwa dawa. Ilikuwa chakula kilichojilinda chenyewe katika nyumba isiyo na friji.

Kuna tahadhari moja ya kuibeba tangu hapa. Vichipukizi vya mtama vina kemikali inayoweza kutoa sianidi, na ulezi hauna tatizo hilo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupendelea ulezi kwa kimea cha mtoto. Hata katika fani ya nyumbani kabisa, kubadilisha kiungo kimoja kunaweza kubadilisha usalama wa chakula chote.

Miso: kazi ya kuvunja inapopewa kuvu

Mjapani anayetaka kuvunja wanga haoteshi punje. Anapika mchele kwa mvuke, anaupoza, ananyunyizia vumbi la mbegu za kuvu iitwayo Aspergillus oryzae, kisha anaufunika mahali pa joto na unyevu kwa takriban saa 48. Unaota utando mweupe unaoshikamanisha punje, na unatoa harufu tamu. Mchele huo ndio koji. Kwa mtu wa kwetu ni sahihi kuuona kama kimea cha namna nyingine, maana unawekwa kwa sababu ile ile, kuleta vimeng'enya.

Koji inakipita kimea kwenye protini. Amilesi inayo, lakini ina pia vimeng'enya vingi vya kukata protini, na soya ni hazina ya protini. Protini hizo zikikatwa kwa miezi kadhaa hutoa asidi za amino, mojawapo ikiwa glutameti, ambayo ulimi huitambua kama ule ukolezi wa mchuzi wa nyama uliochemka muda mrefu. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitambua glutameti kama chanzo cha ladha ya supu ya mwani uitwao kombu, na ladha hiyo akaiita umami. Mtu ambaye hajawahi kuonja miso anaifahamu kwenye dagaa waliokaangwa na nyanya.

Kazi ya kulinda inabaki kwa chumvi. Miso nyeupe ya Kyoto ina chumvi kidogo na huliwa baada ya wiki chache. Miso nyekundu ya Sendai ina chumvi ya asilimia 11 hadi 13 na huiva kwa miezi mingi. Kwenye chumvi kali kiasi hicho wanaobaki ni bakteria na hamira wachache wanaoivumilia, na hao ndio wanaoongeza uchachu na harufu polepole. Iko pia miso ya shayiri, na ile ya soya tupu, nyeusi na kali, ambayo Okazaki ni mji wake maarufu.

Takriban nusu ya miso inayotengenezwa Japani hutoka Nagano, mkoa wa milima na baridi. Hilo liweke akilini tutakapofika kwenye baridi ya Mbeya, Makete na Mufindi.

Mahali pasipo na kubahatisha

Msomaji mwepesi wa kubuni ameshaanza kuwaza: kuvu ziko kila mahali, nikiacha wali ufunikwe jikoni si nitapata koji yangu? Jibu ni hapana, na ni hapana isiyo na punguzo.

Kuvu ya koji ni ndugu wa karibu sana wa Aspergillus flavus, ile inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu na kutoa sumukuvu. Wajapani kwa karne nyingi wamefuga aina ambazo hazitoi sumu hiyo. Zikitazamwa kwa macho, ya shambani na ya kufugwa zinaweza kukudanganya. Sumukuvu haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na kula kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mbegu ya koji hununuliwa kwa muuzaji anayejulikana, haitafutwi hewani. Pakiti yake ni ndogo na kavu, gramu chache hutosha kilo nyingi za mchele, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai uliza kwanza taratibu za kuiingiza nchini. Koji yako ikionyesha rangi nyeusi, ya waridi au ya machungwa, ikiteleza au ikinuka vibaya, itupe yote. Usikate kipande kibaya ukabakiza kizuri. Kimea nacho kiwekwe chini ya kanuni hiyo hiyo: ulezi ulioota ukikaushwa polepole wakati wa mvua huweza kuota kuvu, na kuvu hiyo si ya kufugwa.

Asiyetaka safari hiyo anunue miso iliyo tayari kwenye maduka ya vyakula vya Asia jijini Dar es Salaam, aanzie kwenye supu. Hakuna aibu. Wajapani wengi pia hununua.

Kalenda ya baridi na urefu wa milima

Ukishapata koji, Nyanda za Juu Kusini zinakuwa upande wako. Soya si mgeni nchini: ililetwa Amani, Tanga, mwaka 1907 wakati wa Wajerumani, na leo inalimwa Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya na Songwe. Kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa mbegu zake, Uyole Soya 1 ikiwa mojawapo. Nyingi huishia kwenye chakula cha kuku, na tangu mwaka 2020 soko la China nalo limefunguliwa. Nyumbani tunaikuta kwenye unga wa lishe, na kwa wengine kwenye kahawa ya soya.

Itazame kalenda. Soya hupandwa na mvua na kuvunwa mvua zinapoisha, na mara baada ya hapo inaingia baridi ya Juni na Julai, wakati Mbeya, Makete na Mufindi watu hawatoki bila sweta. Wajapani nao hupenda kutengeneza miso katika kipindi chao cha baridi kali, Januari na Februari, kwa sababu wavamizi wamelala na mwiviko unaanza taratibu. Kisha joto linapanda na miso inachangamka. Kwetu joto hilo huja Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Miso iliyoshindiliwa Juni hupitia baridi, joto na masika, ikawa tayari kuonjwa karibu na Krismasi na kuiva barabara mwaka unaofuata.

Urefu wa milima una gharama yake. Mjini Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban nyuzi joto 94. Soya hukawia kulainika, na soya isiyoiva haifai, maana ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini yake isimeng'enywe. Tumia presha kuka ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, andaa mkaa wa kutosha na subira.

Kwa kilo 1 ya soya kavu tumia kilo 1 ya koji na gramu 450 za chumvi. Loweka soya usiku kucha na zaidi, katika maji mengi, kwani itajaa zaidi ya mara mbili. Chemsha hadi punje ipondeke kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho bila kukaza mkono. Chuja, uweke akiba kikombe cha maji yake, kisha utwange kinuni ikiwa bado ya moto. Ikipoa hadi joto la mwili, changanya na koji uliyokwisha kuivuruga na chumvi. Ikiwa kavu mno, ongeza yale maji kidogo kidogo mpaka uweze kufinyanga tonge lisilopasuka. Yarushe matonge moja moja ndani ya ndoo safi au chungu ili hewa itoke, shindilia kwa ngumi, sawazisha juu, nyunyizia chumvi, funika kwa karatasi safi ya nailoni inayogusa miso yenyewe, kisha weka jiwe lililooshwa juu ya sahani. Andika tarehe. Weka kwenye pembe ya stoo isiyopigwa na jua.

Kwa hesabu hiyo chumvi inafikia takriban asilimia 12. Mgeni katika fani hii hushawishika kuipunguza kwa ajili ya afya. Asiipunguze ndooni, aipunguze bakulini, kwa sababu ndooni chumvi ndiyo uzio. Tumia chumvi ya kawaida yenye madini joto, haizuii miso kuiva. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kati ya maeneo yaliyosumbuliwa sana na rovu kabla chumvi ya madini joto haijaenea, hivyo si busara kwa mtu wa huku kutafuta chumvi isiyo nayo. Chumvi yenyewe ina historia ndefu kwetu: huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimbua mabaki ya watu waliokuwa wakitengeneza chumvi kutokana na chemchemi karne nyingi zilizopita, wakachapisha taarifa yao mwaka 1968.

Supu yenyewe

Sasa tunaingia kwenye uhuru. Supu ya miso ina nguzo tatu: mchuzi wa msingi, mboga, na miso. Kwenye mbili za kwanza jiko la Mbeya na la Iringa halihitaji kuazima kitu.

Mchuzi maarufu wa Japani hutumia mwani wa kombu na samaki mkavu aliyeparuzwa. Lakini nyumba nyingi za Kijapani hutumia njia rahisi zaidi: samaki wadogo wakavu, wenye umbile la dagaa. Kwetu wapo usipa wa Ziwa Nyasa, wanaouzwa kutoka Matema na Kyela hadi masoko ya Mbeya mjini. Chagua waliokauka vizuri, wanaong'aa, wasio na harufu ya mafuta yaliyochacha. Kwa watu wanne chukua konzi moja. Toa kichwa na tumbo lake jeusi, maana ndimo uchungu uliko. Loweka kwenye vikombe vinne vya maji kwa nusu saa au usiku kucha. Bandika kwenye moto mdogo, engua povu, na baada ya dakika kama kumi chuja. Maji yawe ya rangi ya majani makavu, yanukie samaki kwa mbali. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni wa aina nyingine na hauleti ladha ya kombu, kwa hiyo usiununue kwa tumaini hilo.

Mboga fuata msimu. Viazi mviringo vya Uporoto au Njombe pamoja na kitunguu ni mchanganyiko ambao hata Japani ni wa kila siku. Majani ya maboga, chainizi na figiri huingia dakika ya mwisho. Masika yakianza na uyoga wa porini ukauzwa kando ya barabara kuu, mnunulie mama anayeujua kwa jina, uuchemshe ndani ya mchuzi: uyoga nao una ukolezi wake, na ukikutana na wa dagaa na wa miso ladha inazidi jumla yake. Hilo ni jambo lililothibitishwa na wakemia wa Japani katikati ya karne ya 20.

Mboga zikiiva, zima moto. Weka vijiko vitatu vya chakula vya miso kwenye upawa, zamisha upawa nusu ndani ya mchuzi, koroga polepole hadi mabonge yaishe, kisha achia yote. Onja kabla ya kuongeza. Usichemshe tena. Wengi husema ni kwa ajili ya kuwahifadhi bakteria wazuri, lakini kwa joto la supu wengi wao wameshakufa. Sababu ya kweli ni harufu, inayopotea na mvuke. Usitie chumvi: bakuli moja huwa na takriban gramu 1 hadi 1.5, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu ajaze mboga, apunguze miso.

Inanywewa ikiwa ya moto, bakuli mkononi, na wali pembeni. Kwa ugali inakubali pia, mradi mboga ziwe nyingi. Baridi ya Julai pale Mwanjelwa au Kihesa haitaki zaidi ya hapo.

Maswali yanayosubiri watafiti

Utangulizi wowote wa fani unapaswa kumwachia mgeni kazi. Nina mapendekezo machache.

La kwanza ni la nafaka. Koji huoteshwa kwenye mchele na shayiri, lakini mahindi na ulezi ndivyo vilivyo tele na nafuu huku. Kuvu ile ile ikipandwa kwenye mahindi yaliyokobolewa hutoa vimeng'enya kiasi gani? La pili ni la kunde. Uyole ni nyumba ya utafiti wa maharage kwa miongo mingi. Maharage yana wanga mwingi na protini pungufu kuliko soya, hivyo miso yake yapaswa kuwa tamu zaidi na kuiva upesi. Yapaswa, maana mpaka mtu apime hayo ni makisio. La tatu ni la joto: stoo ya Makete na stoo ya Kyela ziko mbali kidogo kwa ramani lakini mbali sana kwa kipimajoto, na ndoo mbili zilizoshindiliwa siku moja, moja kila upande, zingefundisha mengi kwa gharama ndogo.

La nne naliona kubwa kuliko yote, na halihitaji maabara. Wataalamu wa kwanza wa fani hii hapa ni wanawake wanaotengeneza kimea, togwa, komoni na kimpumu. Wanajua chachu ya nani hufanya togwa nzuri, kimea kikaushwe kivuli gani, ulezi wa shamba lipi unaota kwa pamoja. Sehemu kubwa ya ujuzi huo haijaandikwa, na wanaoubeba wanazeeka. Mwanafunzi wa Mkwawa, wa Chuo Kikuu cha Iringa au wa MUST atakayekaa na bibi mmoja kwa msimu mzima, akapima joto la mtungi wake kila asubuhi, akaandika anachosema bibi kabla ya kuandika anachosema kitabu, akamtaja bibi huyo kwa jina lake akiridhia, atakuwa amefanya utafiti wa kweli.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mizani ya jikoni, kipimajoto, karatasi za kupimia pH, na daftari. Kwenye daftari andika uzito wa kila kitu, tarehe, joto la chumba, rangi, harufu, na ladha kila unapoonja, hata siku ambayo hakuna kilichobadilika. Anza na togwa, kwa sababu makosa yake yanaonekana kesho yake na hasara yake ni unga wa kikombe kimoja. Fanya mara kadhaa mpaka uweze kutabiri saa itakayochachuka. Ndipo uagize koji, na soya ikivunwa, ushindilie ndoo yako ya kwanza.